Msongo, si Mwendopole

Ipo rasimu ya istilahi za video, kazi ya kamati yetu, inayozungushwa miongoni mwa wakufunzi wa filamu, na humo hali maalumu za kurekodi zilizomo kwenye kamera za sinema za kidijitali zimepewa majina. "Rekodi tangulizi" naikubali: kamera huweka sekunde chache kwenye kumbukumbu ya muda hata kabla hujabonyeza kitufe, basi jina linasema kweli. "Rekodi ya fremu" nayo sina ugomvi nayo. Lakini nilipofika kwenye "kurekodi kwa mwendopole" na mwenzake "kurekodi kwa mwendokasi", niliweka kalamu chini. Hili la pili, kwa msomaji wa Dar es Salaam, ni basi la Kimara, hilo tulisamehe. La kwanza ni uongo.

Kila aliyewahi kushika kamera anajua kwamba anayekwenda pole ni yule anayeonekana kwenye skrini, si kamera. Mradi ukiwa wa fremu 25 kwa sekunde, nayo kamera ikachukua 50, sekunde moja ya tukio huchezwa kwa sekunde mbili. Kamera imekimbia maradufu ili mwanariadha aonekane anaelea. Kuiita kazi hiyo kurekodi kwa mwendopole ni kumpa mpishi jina la mlaji.

Madhara yake nimeyaona. Mwanafunzi mmoja, kijana makini, alipewa kazi ya kuwapiga picha wavuvi wakirusha wavu. Alisoma karatasi ya maelekezo yenye neno hilo la kamati, akafikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye Kiswahili chake angefikiri: pole ni kidogo. Akateremsha namba kutoka 25 hadi 12. Kwenye skrini wavu ukatoka mkononi na kugusa maji kabla jicho halijaufuata, na wavuvi wazima, watu wa heshima zao, wakawa wanarukaruka. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa kwenye karatasi.

Wazee wa sinema hawakuchanganyikiwa hivyo. Enzi za filamu bubu kamera ilikuwa na mkono wa kuzungusha, na kasi yake ilitegemea mpigapicha mwenyewe. Aliyetaka mwendo uonekane wa pole alizungusha kwa haraka zaidi. Mafundi wa Hollywood mpaka leo hutumia kitenzi chenye maana ya kuzungusha mkono kupita kiasi, ingawa mkono wenyewe ulishaondolewa zamani. Wajerumani walipita njia nyingine. August Musger, padri na mwalimu wa fizikia wa Austria, aliandikisha hataza ya mashine yake mwaka 1904, na katika lugha yake ufundi huo ukaja kuitwa Zeitlupe, yaani lenzi ya kukuzia wakati. Kinyume chake ni Zeitraffer, kikusanya wakati. Katika maneno yote hayo "pole" haimo hata chembe. Wafaransa ndio waliosema ralenti, kilichopunguzwa mwendo, na kamati yetu, nashuku, ikafuata mkumbo.

Neno ninalolipendekeza, na nimelipendekeza kwa maandishi bila kujibiwa, ni msongo. Mzizi wake ni songa, kitenzi chenye ukoo mkubwa: watu husongana mlangoni, ugali husongwa ukashikana, barabara hupata msongamano, na anayeendelea na safari husonga mbele. Humo mna maana mbili, kubana na kwenda, na zote mbili ndizo kazi ya kamera katika hali hii: inakwenda mbio, na fremu zinabanana ndani ya sekunde moja. Nitajiwe kitenzi kingine kinachobeba yote mawili, nami nitanyamaza.

Nimeambiwa kwamba msongo ni wa mawazo, na kwamba mwanafunzi atadhani kamera inaumwa. Hoja hiyo ilitolewa na mtu mwenye shahada, kwa hiyo inastahili jibu. Mafundi wa umeme wana njia ya msongo wa kilovolti 400, na hakuna aliyewahi kuipeleka kwa daktari. Tena hapo neno limekaa na namba yake, vilevile ninavyotaka likae kwenye kamera.

Kinyume cha msongo nakiita mwachano, maana fremu zinaachana. Neno hilo linatosha pia kwa ile hali ya kuchukua fremu moja kila baada ya muda, mawingu yapite angani kwa dakika moja. Mjumbe mmoja alicheka akasema msongo na mwachano ni mambo ya kwa kadhi. Kicheko hakijawahi kuwa hoja.

Kuhusu matumizi: "piga msongo wa 50", "weka mwachano wa sekunde 10". Kwenye kamera kama Canon EOS C300 hali hizi mbili hazirekodi sauti. Msongo ukiongezwa mara mbili, pembe ya shata ikibaki ileile, mwanga hupungua nusu. Na chini ya taa za umeme wetu wa hezi 50, msongo wa 60 kwa pembe ya 180 unaweza kufanya taa zimetemete, basi bakia 50 au 100. Wapiga video za harusi wao husema slomo. Sina neno nao, kwani hawajajiita kamati.

Walimu na wahariri wa miongozo, rasimu haijachapishwa bado. Kabla ya kuipigia kura, fungueni menyu ya kamera, badilisheni namba, mtazame kinachotokea. Mwendopole abaki nao mtazamaji; kwa mpigapicha, andikeni msongo.