Vinyago Bila Hadithi: Ukambani na Mashujaa wa Picha Wanaorudi

Kwa takriban miaka 100 mikono ya Wakamba imechonga tembo, swara, vifaru na simba, na vinyago hivyo vimepanda meli na ndege hadi kwenye rafu za sebuleni za watu wasioijua Kitui wala Makueni. Karibu kila mnyama katika msafara huo ana maisha yake ndani ya ngano za Kikamba: ana ujanja wake, tamaa yake, aibu iliyompata siku fulani kisimani au shambani. Lakini mnyama wa mti alisafiri peke yake. Hadithi ilibaki nyumbani, kwenye moto wa bibi, na baadaye kwenye vitabu vichache vya wasomi.

Kwingineko duniani wafanyabiashara wa wanasesere waligundua mapema kwamba kitu cha kuchezea hudumu mkononi mwa mtoto kikipewa jina, ukoo na adui. Historia yao inatufaa, kwa sababu inaonyesha kilichokosekana kwetu na pia inaonyesha nani hasa huifanya hadithi ya picha idumu.

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa mwanasesere wa askari aliyeitwa G.I. Joe, mwenye kimo cha inchi 12. Mwaka 1982 ilimrudisha akiwa mdogo zaidi, inchi 3 na robo tatu, na safari hii hakuwa mmoja bali kikosi kizima, huku kampuni ya Marvel ikichapisha jarida la hadithi za picha kuhusu kikosi hicho. Mwandishi alikuwa Larry Hama. Nyuma ya kila pakiti kulikuwa na kadi ndogo ya kukatwa kwa mkasi: jina la askari, alikozaliwa, kazi yake jeshini, na mistari michache kuhusu tabia yake. Kadi hizo nyingi aliziandika Hama mwenyewe. Mtoto aliyenunua kipande cha plastiki alipata mtu. Toleo la 21, la mwaka 1984, halikuwa na neno hata moja la mazungumzo. Hadithi yote ilisimuliwa kwa michoro, na hadi leo wapenzi wa jarida hilo hulitaja kama kilele chake. Mwaka huohuo wa 1984 Marvel ilianza jarida la Transformers, maroboti yanayogeuka magari, lililotokana na wanasesere ambao Hasbro iliwachukua kutoka kampuni ya Takara ya Japani.

Majarida yote mawili yalizimika: Transformers mwaka 1991 baada ya matoleo 80, G.I. Joe mwaka 1994 likiwa toleo la 155. Kisha yakarudi, na hapo ndipo mabishano yalipoanza.

G.I. Joe lilirudishwa mara mbili. Mwaka 2001 kampuni ya Devil's Due iliendeleza hadithi pale ilipoishia, ikaichapisha kwa miaka kadhaa na kupata wasomaji wake. Mwaka 2010 kampuni nyingine, IDW, ilimpa Hama kalamu yake tena, na yeye akaanza na toleo alilolipa namba 155 na nusu, akiyaacha yote ya Devil's Due kana kwamba hayakutokea. Akaendelea hadi toleo la 300 mwaka 2022, na mwaka 2023 kampuni ya Skybound ikachukua namba 301. Transformers nalo lilirudi mwaka 2012 kwa toleo la 80 na nusu, likiandikwa na Simon Furman, mwandishi yuleyule wa matoleo ya mwisho, huku Andrew Wildman akichora, na likafungwa kwa toleo la 100 mwaka 2014. Furman aliruka hata mfululizo alioushiriki mwenyewe mwaka 1993 na 1994. Wasomaji waligawanyika. Kuna waliosema mwenye hadithi ni aliyeianza, na akirudi waliokaimu wampishe. Wengine walisema wao walinunua matoleo yale ya katikati kwa pesa zao na kuyapenda, na hakuna mwandishi mwenye haki ya kuyafuta kwenye kumbukumbu zao. Wengine walitaka shujaa aachwe alale.

Yeyote aliyekulia penye ngano anayatambua mabishano haya. Msimulizi mmoja humwokoa msichana mikononi mwa zimwi, mwingine humwacha aliwe halafu atolewe akiwa hai kwenye kidole kidogo cha zimwi, na watoto waliozoea kumalizia kwa namna moja hulalamika wakisikia nyingine. Baadhi ya ngano hizi ziliandikwa na wasomi. Msweden Gerhard Lindblom alikaa Ukambani kati ya mwaka 1910 na 1912 na baadaye akachapisha ngano za Kikamba katika sehemu tatu, kati ya 1928 na 1935. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alitoa mkusanyiko wake mwenyewe mwaka 1966 kupitia Oxford. Alikuwa ameanza mapema zaidi: mwaka 1954 alikwisha kuchapisha hadithi ndefu kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Ulimwengu unamjua Mbiti kwa vitabu vya dini za Kiafrika, nami nadhani umemnyima haki yake kama mhifadhi wa simulizi. Bila yeye na Lindblom, leo tungekuwa na vinyago tu.

Uchongaji wenyewe una mwanzo unaojulikana. Mutisya Munge wa Wamunyu, kwenye barabara iendayo Kitui, alitumikia Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza huko kuchonga mpingo, akarudi nao kwao. Wakamba walikuwa tayari mafundi wa vigoda, mikuki na minyororo, kwa hiyo mikono ilikuwepo. Kilichokuja kipya ni soko la wageni. Kufikia uhuru wachongaji walikuwa wengi kiasi cha kuunda vyama vya ushirika: Changamwe, Mombasa, mwaka 1963, na Wamunyu mwaka 1965. Makindu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, wachongaji wa Makueni nao walijiunga katika ushirika wao.

Ukimtazama mchongaji akifanya kazi unaona jinsi biashara ilivyomfundisha kukimbia. Gogo hukatwa kwa urefu mmoja, likachongwa kwa tezo hadi mgongo na pembe zionekane, kisu kikafuata, kisha msasa. Mti mweupe ukipakwa rangi nyeusi ya viatu na kusuguliwa kwa kitambaa, mnunuzi asiyejua huamini ni mpingo. Mmoja hukata, mwingine huchonga, mwingine husugua, na swara huhesabiwa kwa dazeni. Katika mfumo huo hakuna nafasi ya kuuliza swara huyu ni nani. Misitu nayo ililipa gharama: mpingo na mhugu ilipungua, na kuanzia miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mti umebadilika, namna ya kuuza haijabadilika. Mnyama bado anatoka bila kadi.

Hadithi za picha nazo zilikuwa zikikua Nairobi, saa chache tu kwa basi. Miaka ya 1950 Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu, na kwa miongo mingi msomaji wa Taifa Leo alifungua gazeti akimtafuta yeye kabla ya habari za siasa. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja kufundisha sanaa Kenya, walianzisha jarida la Joe. Shujaa wake alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, mwenye mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Joe lilikufa mwaka 1979, na waliolisoma bado hulizungumzia kwa namna ambayo majarida mengi yenye umri mrefu kuliko lake hayajapata. Hirst hakuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianzisha Pichadithi, vijitabu vilivyochora simulizi za Afrika Mashariki: Abunuwasi, Wanjiru aliyetolewa kafara kwa ajili ya mvua, na nyingine. Frank Odoi, mchoraji kutoka Ghana aliyeifanya Nairobi kwao na kuzaa hadithi za picha za Akokhan na Golgoti, alikuwa katika kizazi hicho. Alifariki katika ajali ya matatu mwaka 2012, na sanaa ya picha ya Kenya ilipoteza mkono ambao haijapata mfano wake.

Pichadithi ndiyo iliyokaribia zaidi kufanya kile ninachokililia. Iliamini kwamba simulizi ya kijiji inaweza kuuzwa kibandani kwa bei ya mwananchi ikiwa na rangi na mwendo. Ingekuwa na maisha marefu, Mwamba wa Nzambani ulioko Kitui ungeingia tu: jabali refu lililosimama peke yake, na watu husema anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Mchoraji gani angehitaji kuombwa mara mbili? Ungeingia pia mwaka 1849, mmisionari Krapf akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, akauona Mlima Kenya kwa mbali, na wasomi wa Ulaya wakakataa kuamini theluji ya ikweta. Kivoi aliuawa safarini mwaka 1851 Krapf akiwa pamoja naye. Haya ni matukio ya kweli, yana njaa, misafara, mishale na mto Tana.

Makueni nayo ilimtoa mtu aliyekuwa na karibu kila kitu kilichohitajika. David Maillu alizaliwa Kilungu mwaka 1939, akafanya kazi ya usanifu wa michoro katika shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, kisha akaanzisha kampuni yake ya Comb Books. Vitabu vyake vya miaka ya 1970, After 4:30 na My Dear Bottle, vilinunuliwa mno na watu ambao wachapishaji walidhani hawasomi. Wahakiki wa chuo kikuu waliviita takataka. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Mzozo huo, msomaji wa mtaani upande mmoja na mwalimu wa fasihi upande mwingine, ulikuwa mjadala mkubwa wa mashabiki kuliko wote niujuao katika historia ya vitabu vyetu. Mimi nasimama na msomaji wa mtaani, si kwa sababu kila ukurasa wa Maillu ni mzuri, bali kwa sababu yeye ndiye aliyemkuta msomaji huyo alipo.

Mwaka 1980 Maillu alimtoa Benni Kamba, jasusi nambari 009, katika The Equatorial Assignment, na mwaka 1986 akamrudisha katika Operation DXT. Jasusi Mwafrika, mwenye jina la kwao, anayepigania bara zima! Vitabu hivyo viwili ni vya maneno peke yake, ingawa mwandishi wake alikuwa mtu wa michoro. Wasomaji wa kizazi changu tulimpigia mfano James Bond, tukabishana nani angemshinda nani. Tulibishana bila picha, bila mwanasesere, bila toleo la mwezi ujao.

Ushahidi kwamba vijana wa mashambani watalishika jarida la picha likiwafikia ulikuja na Shujaaz. Lilisambazwa bure, ndani ya gazeti na kupitia vibanda vya M-Pesa, likasomwa mbali na lami. Mhusika wake mkuu, Boyie, huendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake, na vijana walimtumia ujumbe wa simu kana kwamba ni jirani. Kisa kimoja kilichovuma kilionyesha vifaranga kupakwa rangi ya waridi ili mwewe asiwatambue kama chakula. Watu walibishana kama ni kweli, wengine wakaenda kujaribu. Mwaka 2012 Shujaaz lilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Lugha yake ni Sheng, mji wake ni Nairobi, na hilo si kosa lake. Ni pengo letu.

Kwa maoni yangu Ukambani haikukosa kipaji hata siku moja. Ilikuwa na wachongaji wenye vyama vyao, ngano zilizokusanywa na mwana wa Mulango, na mchapishaji wa Kilungu aliyejua kuuza kitabu barabarani. Vitu hivyo vitatu vilikaa katika mikono mitatu. Kilichowaunganisha Hasbro na Hama ni mkataba wa kibiashara. Kilicholirudisha jarida lao mikononi mwa Hama baada ya miaka 16 ni wasomaji waliotunza matoleo ya zamani na kukataa kunyamaza. Sisi tunaweza kuanza na hao wa pili.

Basi ombi langu ni kwa walio na masanduku. Kama una nakala za Joe, Pichadithi au vitabu vidogo vya Comb Books, usizitumie kufungia njugu wala kuziuza kwa kilo. Zipeleke maktaba ya umma ya Mwingi, au maktaba iliyo karibu nawe Makueni, na uombe ziandikishwe. Na serikali za kaunti zinazotenga fedha za utamaduni kila mwaka zimlipe mchoraji mmoja na mchongaji mmoja wakae meza moja na mkusanyiko wa Mbiti. Sungura wa kwanza atakayeuzwa Makindu akiwa na kijitabu chake cha picha atanunuliwa na mtoto wa mji wa Wote kabla ya mtalii.