Pindo, Mji na Jina

Wiki hii tuzungumze juu ya karatasi ya maua. Usicheke. Nasema ile karatasi yenye nakshi inayowekwa nyuma ya picha katika albamu. Siku hizi hainunuliwi dukani. Huchaguliwa kwenye kompyuta.

Mwaka jana tulimaliza matanga ya shangazi yangu huko Bunda. Vijana wa ukoo walikusanya picha zake wakazipeleka kwenye steshenari moja mjini Musoma, wakatengenezewa kitabu cha kumbukumbu. Kilimeremeta kweli kweli! Tukampelekea mama mkubwa, Butiama.

Alifungua ukurasa wa kwanza. Shangazi, bibi harusi, amezungukwa na mawaridi mekundu. Mama mkubwa akauliza, "Mmemweka kwenye bustani ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Akaeleza kwamba siku ile nyuma ya bibi harusi palitundikwa khanga, na kona yake moja ilikuwa haishiki ukutani. Yeye ndiye aliyeishikilia. Vidole vyake vilionekana pembeni mwa picha. Fundi alikata ukuta, khanga na vidole, akatandaza mawaridi yake.

Kubandika kumbukumbu kwenye karatasi si jambo jipya. Mwaka 1873 mwandishi Mark Twain alipata hataza Marekani kwa kitabu chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi. Sisi nasi tulibandika magazeti na picha za kalenda ukutani. Baadaye zikaja albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu; wengi wetu tumezifungua tukakuta picha zimeng'ang'ania, zimegeuka rangi ya manjano.

Programu ya Photoshop ilipoingia sokoni mwaka 1990, na nyingine zilizofuata, karatasi yenyewe iligeuka kuwa picha. Huitandika chini kama shuka, picha yako ukailaza juu. Unaweza kuififisha, kuipunguza, kuibadili mara kumi bila kuharibu hata senti ya karatasi. Hapo ndipo penye hatari: mkasi wa kompyuta hauachi vipande sakafuni. Kilichokatwa hakuna anayekiokota.

Lakini je, sisi ni wageni wa nakshi? Bunda ni nchi ya pamba, na Musoma tumekuwa na kiwanda cha nguo cha MUTEX. Na khanga imevaliwa Afrika Mashariki tangu karne ya 19. Itazame vizuri. Ina pindo, yaani ukingo unaozunguka. Ina mji, yaani sehemu ya katikati. Ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Pindo halivamii mji, na jina halifunikwi na maua.

Basi ukurasa wa albamu nao ni hivyo hivyo. Nakshi ikae pindoni, nayo iwe hafifu, rangi yake ichukuliwe ndani ya picha yenyewe. Picha ikae mjini, nzima, pamoja na ukuta wake na vidole vya watu. Chini liandikwe jina: nani, wapi, mwaka gani. Na upande wa nyuma wa picha upigwe skana pia, maana ndiko wazee walikoandika kwa kalamu ya risasi.

Pale Butiama yapo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Picha ya Mwalimu hata ikikosa maelezo, mtoto wa shule ataitambua. Picha ya shangazi yangu ikikosa maelezo, baada ya miaka 20 itakuwa ya mwanamke fulani kwenye mawaridi.

Bahati nzuri, picha halisi ilirudishwa ndani ya bahasha. Tuliurudia ukurasa ule. Tukaipiga picha khanga ya zamani ya mama mkubwa, pindo lake likawa ukingo. Mawaridi tukayatoa. Alipoletewa, hakumtazama bibi harusi kwanza. Aliweka kidole chake juu ya vile vidole pembeni, akasema, "Huyu ni mimi."