Chumvi ya Safari na Chumvi ya Barabara

Sisi watu wa Didia hatuna barafu njiani, lakini thamani ya chumvi twaijua. Hapo kale Wasukuma walisafiri kwa miguu wakati wa kiangazi mpaka ziwa Eyasi. Maji yakikauka, chumvi hubaki juu ya nchi. Nao waliikusanya, wakaifunga mizigo, wakarudi nayo mabegani.

Huko Marekani chumvi iyo hiyo humwagwa chini. Mwaka wa 1938 jimbo la New Hampshire lilianza kuijaribu barabarani wakati wa theluji, kwa maana maji ya chumvi hayagandi ila baridi izidi sana. Mwenye nyumba naye aweza kujitengenezea chombo: hutoboa matundu katika kitako cha kopo, hulitia mpini, akalitikisa mbele ya mlango wake, wapitao wasiteleze.

Matundu hayo sharti yawe madogo. Chumvi ikizidi hula chuma, huua majani, huharibu maji ya visima. Basi, ndugu msomaji, Mmarekani huhitaji kopo limfundishe kipimo. Mzee wetu alifundishwa na mzigo wake.