Bunduki Haipimwi kwa Tundu Lake

Watu wengi hudhani kwamba bunduki yenye tundu pana ndiyo yenye nguvu. Historia ya nchi yetu ya Kivu yatufundisha kwamba sivyo.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka 1890 mataifa yakatia sahihi mkataba huko Brussels. Bunduki mpya, zenye mifuo ndani ya mtutu, zilikatazwa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye ruhusa. Gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa. Tundu la gumegume mara nyingi lilipita milimeta 15. Lakini risasi yake ya mviringo hupoteza mwendo upesi, wala haishiki njia moja. Sheria ile ilikusudiwa kuwazuia wauza watumwa, lakini iliwaacha wenyeji na silaha dhaifu mbele ya askari wa wakoloni.

Vita vilipofika mpakani mwa Goma na Gisenyi mwaka 1914, askari wengi wa Wabelgiji walikuwa na Albini ya milimeta 11, na wengi wa Wadachi walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, nayo ya milimeta 11. Zote mbili zilitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Bunduki mpya zaidi zilikuwa na tundu dogo: Mauser ya Kibelgiji milimeta 7.65, na ya Kidachi 7.9. Hata hivyo zilipiga mbali zaidi, bila wingu lile.

Kwa nini? Uzito wa risasi ukizidishwa mara mbili, nguvu huongezeka mara mbili. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Tazameni bunduki ya upepo ya kupigia ndege: tundu lake laweza kuwa milimeta 5.5. Ile ya vita ya milimeta 5.56 yakaribia kulingana nayo kwa upana, lakini nguvu zake huizidi zaidi ya mara 50. Wala ya upepo si mchezo. Yaweza kumpofua mtu.

Basi, wazazi wa Goma, mji ulioona vita vingi, waonyeni watoto. Mtoto akiona risasi chini, asiiokote, asiigonge, asiitupe motoni. Akamwite mtu mzima. Asiseme, "Ni ndogo tu."