Kutembea mwambao wa Tanga kwa fedha kidogo: njia ya Tongoni, Kigombe na Pangani

Anayeishi kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani amewaona: vijana wa Kizungu wenye begi kubwa mgongoni na chupa ya maji mkononi, wanashuka kwenye basi Kigombe na kuuliza njia ya ufukweni. Watu hucheka kidogo, wakasema matajiri gani hawa wanaotembea kwa miguu. Wengi wao si matajiri. Kwao Ufaransa kijana hutoka Paris akafika Lyon, kisha Marseille, kwa basi la bei ndogo la usiku. Hulala kwenye hosteli yenye vitanda vya ghorofa, watu 6 au 8 chumba kimoja, na hula mkate alionunua sokoni. Safari za watu wa kawaida zilipata nguvu kubwa nchini humo mwaka 1936, sheria ilipowapa wafanyakazi likizo ya wiki 2 yenye malipo na treni zikawapunguzia nauli. Wengi waliona bahari kwa mara ya kwanza.

Wasikilizaji hutuuliza kama mkulima wa Korogwe au mwalimu wa Handeni naye anaweza kwenda kuiona pwani yake hivyo hivyo, kwa akiba ya msimu mmoja. Anaweza. Lakini fedha kidogo haina nafasi ya makosa: ukikosea mara mbili, safari imekwisha na nauli ya kurudi huna. Kwa hiyo tunaandika njia moja tu tunayoijua, ya kilomita 50 hivi, kutoka Tanga hadi Pangani.

Kabla ya kuondoka

Tenga nauli ya kurudi kwanza, uiweke mbali na fedha nyingine. Ikiwa kwenye simu, kumbuka makato ya kutoa: kutoa kidogo kidogo mara tano hula zaidi kuliko kutoa mara moja. Vijijini wakala huweza kuishiwa fedha taslimu, hasa jioni, kwa hiyo toa mjini kiasi cha siku mbili. Chukua kitambulisho. Nyumba ya wageni, hata ya bei ya chini kabisa, itakuandika kwenye kitabu: jina, utokako, uendako.

Angalia majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, vyumba ni rahisi lakini mvua hukufungia ndani. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, bahari huchafuka na safari za mashua huahirishwa. Ukienda Ramadhani, ujue kwamba mchana mama lishe wengi hawapiki. Futari, kwa upande mwingine, ni neema ya msafiri, maana mgeni hapitwi na sahani.

Tanga mjini

Usiku mmoja unatosha. Mji huu ni wa baiskeli, na barabara zake zimenyooka, kwa hiyo miguu yako ni usafiri tosha. Ujenzi wa reli kutoka hapa kwenda Usambara ulianza mwaka 1893, na Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishindwa vita hapa hapa na Wajerumani na askari wao Waafrika. Mapango ya Amboni yapo kilomita 8 hivi kaskazini. Ukienda wenyewe wanne kwa bajaji moja mnagawana nauli, lakini patana kabla ya kupanda.

Jambo moja kuhusu viingilio, kwani hapa ndipo watu huibiwa. Vivutio vya serikali huwa na bei mbili, ya raia na ya mgeni wa nje, na ya raia ni ndogo sana. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali na unapewa risiti. Mtu akikuambia "nipe mkononi nitakupunguzia", huyo anaichukua fedha yako na ya nchi pia. Mwombe namba, akikataa ondoka.

Machui na Tongoni

Ukitoka mjini kwenda kusini, mashamba ya mkonge huanza kujitokeza. Eneo la Machui ndiko kwao Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na ndiko alikozikwa. Hakuna sherehe yoyote ya kitalii pale, na ukifika uliza kwa adabu kwa wenyeji kwanza, kwa sababu kaburi ni kaburi.

Tongoni ndipo tungekushauri utumie nusu siku nzima. Iko kilomita 17 hivi kutoka Tanga, kando ya mikoko, na ina magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe, mengine yenye nguzo. Makaburi ya nguzo yaliyokusanyika mahali pamoja kwa wingi namna hii huyapati kwingine Afrika Mashariki. Ulikuwa mji wa biashara tangu karne ya 14 au 15. Wareno waliuita Mtangata. Vasco da Gama alipita mwaka 1498, na aliporudi kutoka India Januari 1499 mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye. Waliobaki hawakutosha kuendesha meli 3, wakaichoma moto São Rafael kwenye miamba ya huku. Nguzo nyingi zimeanguka. Usipande juu ya zilizosimama ili upigwe picha. Tumeona watu wakifanya hivyo, na mawe hayo hayana wa kuyajenga upya.

Kigombe

Kigombe ni kijiji cha wavuvi kilichomo wilaya ya Muheza, ingawa msafiri hukihesabu kuwa cha njia ya Pangani. Fika asubuhi, mashua zinaporudi. Samaki wa kukaanga pale mnadani, na muhogo, ni mlo wa bei ndogo kuliko wa hotelini, na fedha yako inabaki kwa mama aliyekaanga.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa. Tangu mwaka 2004 wavuvi wa mwambao huu, wa Kigombe wakiwamo, walianza kunasa silikanti kwenye majarife ya papa yaliyotegwa maji ya kina kirefu. Wataalamu walidhani samaki huyu alitoweka pamoja na dinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayofuata pwani kwa kilomita 100 hivi. Kwa hiyo hutamwona silikanti, wala usimwombe mtu akuvulie. Ukitaka kuingia baharini ndani ya hifadhi, kuna ada, na kanuni ya risiti ni ile ile.

Kwa mashua, kodi pamoja na wengine, lakini usimpe nahodha fedha kwa kubania usalama. Uliza maboya ya kujiokolea, hesabu watu, angalia upepo. Ukiambiwa kuna jahazi la usiku linalovusha kwenda Pemba kwa bei ya kutupa, kataa. Septemba 2011 MV Spice Islander, meli kubwa kuliko jahazi lolote, ilizama njiani kwenda Pemba ikiwa imezidisha abiria, na mamia ya watu walikufa.

Ufukweni kutembea ni bure, ila bahari ina saa zake. Maji huchelewa kila siku kwa dakika 50 hivi, na wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, hupanda zaidi ya mita 3. Mmoja wetu aliwahi kuvuka mkono wa bahari uliokauka asubuhi, akarudi adhuhuri akaukuta umejaa hadi kifuani. Alizunguka kwa bara, saa 3 juani, na bodaboda iliyomwokoa ilimgharimu kuliko chumba cha usiku ule. Muulize mvuvi: maji yanajaa saa ngapi?

Pangani

Basi litakushusha kwenye mji wa nyumba kuukuu za mawe na milango ya nakshi. Misafara ya pembe na ya watumwa ilishukia hapa, na mwaka 1888 hapa ndipo yalipoanza mapambano ya Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Kijerumani. Alinyongwa hapa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Zunguka kwa miguu, mchana mmoja. Ng'ambo ya mto kuna Bweni, na kivuko cha abiria ndiyo burudani ya maji iliyo rahisi kuliko zote.

Kisiwa cha Maziwe kipo mbele ya pwani. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa walitaga humo. Sasa ni tuta la mchanga linalotokea maji yakipwa tu, kwa hiyo mashua huondoka kwa saa ya bahari, na bei yake inagawanyika vizuri mkiwa sita. Mkiwa wawili, acheni.

Ukishapata chumba Pangani, usilale kabla hujauliza stendi basi la kwanza la kurudi Tanga linaondoka saa ngapi, na nauli yake ni kiasi gani.