Lugha Ipi Ipewe Chekechea? Hoja kuhusu Mtoto wa Lugha Mbili Dar es Salaam

Tangu Criper na Dodd watoe ripoti yao ya mwaka 1984, iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania hawakuweza kujifunza kwa Kiingereza na bado ikapendekeza Kiingereza kiendelee, wataalamu wetu hawajaacha kubishana juu ya lugha ya kufundishia. Roy-Campbell na Qorro (1997) waliandika kitabu kizima kuhusu mgogoro huo. Brock-Utne na wenzake wa mradi wa LOITASA wameuchimba tangu mwaka 2002. Rubagumya alizitazama shule za msingi za “ingilishi midiamu” zilipoanza kuchipuka kila mtaa. Kazi hizi zinakubaliana katika mambo mengi na sina haja ya kuzirudia. Tatizo ni kwamba zote zimeelekeza macho sekondari na msingi. Chekechea imeachiwa wazazi, na wazazi wameachiwa matangazo ya shule.

Mtoto ninayemzungumzia anazaliwa Dar es Salaam katika nyumba yenye Kiswahili na Kiingereza. Pengine mzazi mmoja ni Mtanzania na mwenzake ni mgeni, au wote ni Watanzania waliosoma ng’ambo wakarudi na Kiingereza cha mezani. Akifika miaka mitatu swali linabisha hodi: apelekwe chekechea ya kawaida inayofundisha kwa Kiswahili, au ile ya kimataifa yenye bembea za rangi, basi la manjano na ada kubwa? Ushauri anaoupata mzazi huyu una sura mbili. Wa kwanza unasema ubongo wa mtoto ni mwepesi, kwa hiyo Kiingereza kiingizwe mapema iwezekanavyo. Wa pili unasema asiwe na wasiwasi na Kiswahili kwa sababu hicho kiko kila mahali, mtoto atakiokota tu. Ushauri wa kwanza umejibiwa sana. Ninaoupinga hapa hasa ni wa pili, maana unatolewa hata na watu wanaokipenda Kiswahili na kukihubiri kila tarehe 7 Julai.

Wa kwanza nitaupitia haraka. Wanaoutetea humtegemea Lenneberg (1967) na nadharia yake ya kipindi maalumu cha kujifunza lugha. Lakini Snow na Hoefnagel-Höhle (1978) waliwafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi wakaona kuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 ndio walioshika Kiholanzi kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, na watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliachwa nyuma. Wadogo hufaidi zaidi baadaye, hasa katika matamshi. Sawa, ila mtoto wetu anayapata matamshi hayo nyumbani, kwa mzazi wake. Hoja ya kuwahi ilitungwa kwa ajili ya mtoto asiye na Kiingereza kabisa, nasi tumemtwisha mtoto ambaye anacho tayari.

Tuje kwenye Kiswahili cha kuokotwa. Utafiti ninaoutegemea kuliko mwingine wowote ni wa Annick De Houwer, uliochapishwa mwaka 2007. Ulihusu familia 1,899 za Flanders, upande wa Ubelgiji ambako lugha rasmi ni Kiholanzi na watoto huweza kuanza chekechea wakiwa na miaka miwili na nusu. Katika familia hizo angalau mzazi mmoja alitumia nyumbani lugha nyingine isiyo Kiholanzi. De Houwer hakupima watoto wanaijua lugha hiyo kwa kiasi gani. Aliuliza jambo jepesi zaidi: je, wanaizungumza? Watoto wote walizungumza Kiholanzi, lakini katika takriban robo ya familia hakukuwa na mtoto aliyezungumza ile lugha ya pili, ingawa mzazi aliitumia nyumbani.

Kilichoamua ni mpangilio wa lugha baina ya wazazi. Wazazi wote wawili walipotumia lugha ya nyumbani peke yake, familia 97 katika kila 100 zilikuwa na mtoto anayeizungumza. Kila mzazi aliposhika lugha yake, mmoja Kiholanzi na mwingine ile lugha ya pili, idadi ilishuka hadi 74. Huu ndio mtindo ambao vitabu vya malezi vimeusifu tangu Ronjat aandike juu ya mwanawe mwaka 1913, na kumbe familia moja kati ya nne inashindwa kwa mtindo huohuo. Na pale ambapo mzazi mmoja alitumia Kiholanzi tu huku mwenzake akichanganya Kiholanzi na lugha ya pili, zilibaki familia 36 katika 100.

Tarakimu hii ya mwisho ndiyo inayozihusu nyumba za Masaki na Oysterbay. Weka Kiingereza mahali pa Kiholanzi, kwa kuwa ndicho lugha ya shule, ya marafiki na ya katuni. Weka Kiswahili mahali pa lugha ya pili. Mama mgeni anazungumza Kiingereza tu. Baba Mtanzania anazungumza Kiswahili akikumbuka, na Kiingereza kila mazungumzo yanapomhusisha mkewe, yaani mezani, garini, Jumapili ufukweni. Hakuna aliyekusudia kukiacha Kiswahili.

Msomaji atasema Dar es Salaam si Flanders. Huko lugha ya shule ndiyo ya mtaani pia. Hapa mtaa mzima ni Kiswahili. Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali kwa mtoto wa Sinza au Mbagala, anayecheza kombolela na wenzake hadi adhana ya magharibi. Kwa mtoto wetu silikubali, kwa sababu huo mtaa haujui. Tuitazame siku yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi basi la shule linapiga honi getini. Dada wa kazi amekwisha mvalisha viatu: kaa, lete mguu, haraka. Kutoka hapo ni Kiingereza hadi saa nane mchana. Akirudi, dada anampa chakula: kula, meza, usimwage. Kisha kishikwambi, kisha bwawa la kuogelea pamoja na watoto wa jirani, ambao nao wanasoma shule ileile. Baba anaingia saa mbili usiku, amechoshwa na foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, anapewa shikamoo yake, anaitikia marahaba, na Kiswahili cha siku hiyo kimeishia hapo. Ukuta wa nyumba una urefu unaozidi kimo cha mtu mzima. Mtaa wa Kiswahili upo kweli, ila uko ng’ambo ya ukuta huo.

Hesabu ya saa haitoshi, tazama na aina ya maneno yenyewe. Kiswahili anachokisikia mtoto huyu ni cha kuamriwa na cha kusalimia. Hajaambiwa “paukwa” akaitikia “pakawa”. Hajategewa kitendawili. Hakuna aliyemtaka aeleze kwa Kiswahili kwa nini kopo limejaa maji upesi kuliko ndoo, wala nani alianza ugomvi na kwa sababu gani. Cummins (1979) alitenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kujifunzia, akadai kwamba hii ya pili ikishajengeka katika lugha moja husaidia katika nyingine pia. Wengi wamemkosoa kwa kuichora mipaka hiyo kwa wino mzito mno, na kwa watoto wa miaka minne nadhani wana haki. Hata hivyo chekechea ndipo lugha ya kujifunzia inapoota: kusimulia kisa chenye mwanzo na mwisho, kulinganisha, kukisia, kutoa sababu. Mtoto wetu atavifanya hivi kwa Kiingereza shuleni na kwa Kiingereza nyumbani. Kiswahili kitabaki lugha ya watu wanaomhudumia, naye atajua mapema, bila kufundishwa na yeyote, kwamba wenye madaraka katika maisha yake huzungumza kile kingine. Lambert alikwisha eleza katika miaka ya 1970 kwamba lugha mbili huongezana pale tu ambapo zote zina heshima. Heshima ya lugha kwa mtoto wa miaka minne ni nani anayeizungumza akiwa amesimama mbele ya darasa.

Kwa hiyo kigezo ninachokipendekeza ni hiki: saa za chekechea ipewe lugha ambayo mtoto ataikosa zikiondolewa. Kwa mtoto huyu lugha hiyo ni Kiswahili. Kiingereza kina mzazi, kina vitabu vya kabla ya kulala, kina bibi na babu kwenye simu ya video, na kina miaka kumi na miwili ya shule mbele yake.

Linabaki swali la ubora, na hapa wazazi wana haki kuliko waandishi wanaowaita watumwa wa Kiingereza. Kiwango rasmi cha darasa la awali Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mtu yeyote aliyechungulia darasa la awali katika shule ya umma ya Dar es Salaam, yaani kayumba, anajua kiwango hicho kinazidishwa mara ngapi, hasa tangu ada ilipofutwa mwaka 2016. Simlaumu mzazi anayekataa kumweka mtoto wa miaka minne katika umati wa namna hiyo. Ninachokataa ni ile hatua ya pili ya fikra zake, kwamba kwa kuwa darasa la kayumba limejaa, basi ubora unapatikana kwa Kiingereza peke yake.

Ushahidi wa pwani yetu wenyewe unasema vingine. Mwaka 1986 Bi Swafiya Said alianzisha Mombasa mpango wa chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Ukafika Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyohiyo, waliopewa mafunzo na kutembelewa darasani mara kwa mara. Zana zilikuwa vifuu, makopo, vizibo vya soda na mbegu: mtoto anahesabu vizibo, anavipanga kwa rangi, anamweleza mwenzake alivyovipanga. Mwaura, Sylva na Malmberg (2008) waliwapima watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar wakakuta waliopitia chekechea yoyote wamewazidi waliobaki nyumbani, na wa chekechea za madrasa wamewazidi wa chekechea nyingine. Utafiti huo haukulinganisha lugha, na sitaulazimisha useme usilolisema. Unachothibitisha kinatosha kwa hoja yangu: mwalimu aliyefunzwa vizuri, mwenye vizibo na makopo, katika chumba cha kawaida cha mtaani, anaweza kumlea mtoto kiakili vizuri kuliko chekechea nyingine. Chekechea za namna hii zipo Dar es Salaam pia, zikiwamo za masista wanaofuata Montessori. Ada yake ni sehemu ndogo ya ile ya kimataifa, na huwezi kuziona kwenye mabango ya barabarani.

Kuhusu hofu kwamba mtoto atayumba akihamia Kiingereza darasa la kwanza, sioni msingi wake kwa mtoto anayezungumza Kiingereza na mzazi wake kila siku. Atahitaji muda kuzoea kusoma herufi kwa lugha hiyo, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza ina vituko vyake, wakati mtoto aliyeanza na silabi za Kiswahili husoma neno lolote jipya kama lilivyoandikwa. Wa kuhangaikiwa ni yule wa Sinza, ambaye wazazi wake hujibana kulipia “ingilishi midiamu” ya uchochoroni yenye kibao kinachoamuru watu wazungumze Kiingereza tu. Mwalimu wake mwenyewe anakitafuta Kiingereza hicho. Mtoto huyo hatapoteza Kiswahili, atapoteza miaka miwili ya kuuliza maswali, kwa kuwa maneno ya kuulizia hajapewa na aliyonayo yamepigwa marufuku. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unafundisha Kiingereza kuanzia darasa la kwanza hata katika shule za umma, hivyo ile hofu kwamba mtoto wa awali ya Kiswahili atachelewa imepungua nguvu.

Sidai kigezo changu kinafaa kila nyumba. Pale ambapo wazazi wote wawili huzungumza Kiswahili peke yake na mtoto, na Kiingereza hakina mtu, hesabu inageuka, na chekechea ya kimataifa iliyo nzuri kweli inaweza kuwa uamuzi wa busara. Mtoto wa Kihaya au Kinyakyusa mjini anahitaji makala yake. Lakini kwa mtoto wa lugha mbili niliyemweleza, naona ushahidi umeelemea upande mmoja: miaka mitatu ya chekechea kwa Kiswahili, kisha shule yoyote ambayo wazazi wataipenda.

Kwa wazazi ambao wamekwisha lipa ada ya kimataifa na hawawezi kurudi nyuma, dai langu ni kwa shule hizo zenyewe. Nyingi zina mwalimu wa Kiswahili anayeingia kwa vipindi vichache kwa wiki kufundisha rangi na salamu, kisha anatoka. Mwajirini awe mwalimu wa darasa kwa nusu ya kila siku, mwenye mamlaka na mshahara sawa na mwenzake, asimulie hadithi, afundishe hesabu na asuluhishe ugomvi kwa Kiswahili. Wazazi wanaolipa ada hiyo wana nguvu ya kulidai hilo katika kikao kijacho, na wafanye hivyo.