Nati ya Volvo kwenye Datsun ya babu

Najua niliahidi kuendelea na hifadhidata wiki hii. Subirini kidogo. Jumamosi nilikuwa hapa Nchiru, nimelala chini ya Datsun 1200 ya babu, pikapu aliyokuwa nayo kabla sijazaliwa, na nilichokikuta kimeninyima usingizi.

Binamu yangu alikuwa ameivisha rimu za aloi alizopata kwa bei ya kutupa, pamoja na nati. Nati ziliingia kwa mkono bila shida. Moja tu ilinitia wasiwasi: kabla ya kukazwa ilikuwa ikichezacheza. Nikapima. Boliti za Datsun, zile zilizopandwa kwenye habu, zina unene wa milimita 12, na kutoka uzi mmoja hadi mwingine ni milimita 1.25. Nati zilikuwa za nusu inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Haya, pigeni hesabu: nusu inchi ni milimita 12.7, na inchi ukigawanya kwa 20 unapata 1.27. Tofauti ya 0.02 tu! Nati inapita bila kugoma, kumbe nyuzi zimegusana ncha kwa ncha. Ukikaza sana zinakwanguka, usipokaza gurudumu linakuaga mteremkoni. Ni kama programu isiyotoa onyo hata moja, halafu inaanguka mbele ya mteja.

Sasa, nusu inchi ilifikaje Meru? Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza nyuzi za aina moja, zenye pembe ya digrii 55. Wamarekani wakachagua 60. Vita vya Pili vya Dunia vikaonyesha hasara yake, vipuri vya washirika haviingiliani, na mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana nyuzi za pamoja. Nusu inchi kwa 20 ni mojawapo.

Wajapani walitumia milimita, lakini si kila mahali. Duara la boliti za Datsun ni milimita 114.3. Namba ya ajabu, sivyo? Ni inchi 4.5 iliyovalishwa nguo za milimita. Sisi watu wa programu tunaijua tabia hiyo: msimbo wa kale ambao hakuna anayethubutu kuufuta.

Kenya ilipokea yote. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo PV544: boliti tano za nusu inchi, duara 114.3. Edgar Herrmann akashinda 1970 kwa Datsun 1600 SSS na 1971 kwa Datsun 240Z: boliti nne za milimita 12, duara lile lile 114.3. Rimu huwezi kubadilishana. Nati, ole wako, zinalala kwenye mkebe mmoja gereji. Mercedes W123 nayo haina nati kabisa, ina boliti zenye kichwa cha mviringo kama mpira. Ukizitia kwenye rimu yenye tundu la pia, zinagusa mstari mwembamba tu na kulegea.

Halafu speisa. Binamu alikuwa ameweka ya milimita 10 ili rimu isikwaruze. Kumi gawanya kwa 1.25 ni mizunguko minane ya nati iliyopotea! Kanuni ninayoifuata ni nati ishike angalau urefu sawa na unene wa boliti, hapa karibu mizunguko kumi. Nilihesabu minne. Speisa ya unene huo inadai boliti ndefu zaidi kwenye habu, si nguvu zaidi kwenye spana.

Nimerudisha rimu za chuma na nati za milimita 12. Babu alisikiliza historia yote, akauliza, "Kwa hiyo nati ya Volvo ndiyo ingeniua?" Nikamwambia ndiyo, babu. Binamu bado hajaniongelesha.